Nimwandikeje Dkt. Njoroge Mungai? Jibu kwa daktari kijana wa Riruta

Swali: Mwalimu, natumaini u mzima. Mimi ni daktari, niko kwenye mwaka wangu wa mafunzo ya kazi hapa Nairobi, nami nimezaliwa na kulelewa Riruta. Vijana wa mtaa wetu wameniomba niandike ukurasa mmoja wa kumkumbuka Dkt. Njoroge Mungai, tabibu aliyekuja kuwa waziri wa Kenyatta, kwa kuwa nyanya yangu na wazee wenzake bado wanasimulia jinsi alivyowatibu kabla ya uhuru. Nilipoanza kusoma nikakutana na mambo ya 1976 ya nani amrithi Kenyatta, na mengine ya vita vya Kaskazini Mashariki, nikakwama. Wenzangu wodini nao wanasema daktari akishaingia siasa, udaktari wake umekwisha. Nimwandikeje kwa heshima, na bila kudanganya?

Jibu: Mwanangu, anza na sindano ya nyanya yako. Usianze na vyeo. Vyeo viko vitabuni na havitapotea. Lakini kumbukumbu ya mama aliyebeba mtoto mgongoni akapanga foleni Riruta kungoja daktari Mwafrika, hiyo ikizikwa imezikwa.

Nimefundisha historia ya huduma za afya ya nchi hii kwa miaka mingi, na maswali juu ya kizazi cha Dkt. Mungai huniletea furaha na uchungu kwa pamoja. Furaha kwa sababu watu hawa walifanya makubwa. Uchungu kwa sababu tunawaandika vibaya: ama tunawapaka mafuta mpaka hawaonekani uso, ama tunawazika wote katika kaburi la kosa moja. Kwa mtu aliyekuwa tabibu, mimi nina njia yangu ya kupima. Katika kila kiti alichokalia najiuliza, hapa mgonjwa wake alikuwa nani? Nakuomba uubebe ukurasa wako juu ya swali hilo. Utaona maisha yake yote yalivutwa huku na huku kati ya mgonjwa mmoja na wagonjwa wengi.

Alizaliwa 1926 upande wa Kikuyu, akasoma shule ya upili ya Alliance, akavuka hadi chuo cha Fort Hare kule Afrika Kusini, kisha Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford, ambako alihitimu udaktari mwaka 1957. Alirudi nyumbani 1959. Usiipite miaka hiyo mbio. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na haikuondolewa hadi Januari 1960. Maana yake ni kwamba alipokuwa akijifunza mifupa na mishipa huko California, jamaa yake wa damu, Jomo Kenyatta, alikuwa kifungoni Lokitaung, na huku Nairobi, Aprili 1954, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walisombwa na wanajeshi wakapelekwa kambini katika msako ulioitwa Anvil. Kijana huyu aliondoka nchi ikiwa moja, akarudi akaikuta nyingine.

Na hospitali zilikuwaje? Wewe unafanya kazi katika wadi ambamo mgonjwa huulizwa kama ana bima. Siku zile aliulizwa kwa rangi ya ngozi, kabla hata hajafungua mdomo. Hospitali ya Nairobi unayoipita pale juu ilifunguliwa 1954 kwa ajili ya Wazungu, na jina lake la kwanza lilikuwa Hospitali ya Wazungu, bila aibu yoyote. Mwafrika alikuwa na King George, iliyoanza 1901 na vitanda 40 kama hospitali ya wenyeji. Ndiyo hii Kenyatta ya leo. Mama yangu mzazi aliiita King George mpaka anaingia kaburini. Hakulikubali jina jipya, na si kwa sababu za siasa, ni mazoea ya kuogopa mahali.

Sasa fikiria daktari mweusi mwenye shahada kamili ya Stanford anafungua kliniki Riruta, nyingine Thika, nyingine Embakasi. Wakati huo daktari Mwafrika alikuwa kitu adimu. Kijana wa Kenya aliyetaka kusomea udaktari Afrika Mashariki alilazimika kwenda Makerere, Kampala, na kwa muda mrefu waliohitimu huko waliajiriwa na serikali ya kikoloni kama wasaidizi wa madaktari, hata kama mikono yao ilifanya kazi ile ile. Kwa hiyo nyanya yako anapokuambia "alitudunga sindano," kuna jambo jingine ndani ya maneno hayo. Alizungumza naye kwa lugha yake. Hakuhitaji karani wa kumtafsiria ugonjwa wake. Muulize juu ya hilo, na umwache aseme polepole.

Kidokezo kimoja cha kando, kwa sababu utakiona ukisoma: dada yake ni Jemimah Gecaga, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, mwaka 1958. Alitangulia bungeni kabla ya kaka yake. Mkiandika juu ya familia hii, msimfanye mama huyo mstari mmoja wa pembeni.

Juni 1963, Kenyatta alipounda baraza lake la kwanza, Mungai alipewa Afya na Nyumba. Katika baraza lile kulikuwa na "daktari" mwingine, Julius Kiano, lakini yule alikuwa daktari wa vitabu, si wa dawa. Mungai ndiye aliyekuwa amegusa mgonjwa. Hapa mgonjwa wake alikuwa nchi nzima, na mimi naamini hii ndiyo miezi bora ya maisha yake ya kisiasa, ingawa ilikuwa kama kumi na minane tu.

Lakini hapa pia ndipo waandishi wengi hukosea, nawe ushike kalamu vizuri. Utasoma mahali kwamba alijenga shule ya udaktari ya Nairobi, na mahali pengine kwamba ndiye aliyeleta matibabu ya bure. La kwanza ni kweli nusu. Alisukuma wazo kwamba Kenya iwe na shule yake ya tiba na isiendelee kungoja nafasi chache za Makerere. Na wazo hilo lilikuwa na wapinzani waliosema nchi changa haiwezi kubeba gharama, na kwamba Kampala yatosha. Ila wanafunzi wa kwanza walipoingia Nairobi, mwaka 1967, yeye alikuwa ameshahamishiwa wizara nyingine zaidi ya miaka miwili kabla. Hospitali ya Kenyatta ilibidi igeuzwe kuwa ya kufundishia, walimu wakatafutwa, Chuo Kikuu cha Glasgow kikasaidia, na makatibu, wauguzi na maprofesa wengi wakalala usiku wa manane juu ya jambo hilo. Andika "alisukuma", usiandike "alijenga". Neno hilo halimpunguzii kitu. Mtu wa kwanza kusukuma gari lililokwama matopeni ana sifa yake, hata kama wengine ndio waliolifikisha lami.

La pili si lake. Ilani ya chama cha KANU ya 1963 iliahidi matibabu ya bure, na ni kweli alikuwa waziri wakati ahadi ilipokuwa mbichi. Lakini ile ada ya shilingi tano katika vituo vya serikali iliondolewa 1965, na waziri wa Afya wakati huo alikuwa Joseph Otiende. Mpe Otiende haki yake. Wazee wa Vihiga, kwao alikotoka, watakushukuru.

Kwa nini nasisitiza shule ya tiba kuliko vyote? Kwa sababu tabibu mmoja, hata awe hodari namna gani, ana mikono miwili. Kliniki zake tatu zilitibu waliofika. Shule ile ilitoa madaktari wake wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hawajakoma kutoka mpaka leo. Wewe mwenyewe, kama hukusoma Nairobi, umefundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu wa Nairobi. Mwanasiasa hupenda kuhitajiwa. Daktari anayefungua mlango ili asihitajiwe tena amefanya jambo ambalo siasa haimfundishi mtu, na ndilo ningeliweka katikati ya ukurasa wako.

Mwishoni mwa 1964 akahamishiwa Ulinzi na Usalama wa Ndani. Hapa, mwanangu, usiogope. Umesema ulikwama kwenye vita vya Kaskazini Mashariki, na ulikuwa na sababu ya kukwama. Hali ya hatari ilitangazwa huko Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, Wasomali wa Kenya wengi wakitaka kuungana na Somalia. Vita vya Shifta viliendelea hadi mapatano ya Arusha, Oktoba 1967. Kuanzia 1966 serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa na askari, mifugo mingi ikafa au ikachukuliwa, na watu waliozoea kufuata mvua wakazungushiwa uzio. Mungai ndiye aliyekuwa waziri wa Ulinzi. Majeshi yalikuwa chini ya wizara yake.

Mtu ambaye watu wake walifungiwa vijijini wakati wa hali ya hatari ya Waingereza alikaa katika serikali iliyofanya mambo yanayofanana na hayo kwa watu wengine. Silisemi hili kwa furaha. Lakini ukiliruka, ukurasa wako utasomwa Riruta tu. Siku mtu wa Garissa au Wajir atakapousoma, atajua hukumhesabu miongoni mwa wagonjwa. Sentensi mbili zinatosha. Ziandike wazi, bila kumtafutia udhuru na bila kumzulia maneno ambayo hakuyasema.

Kisha kuna mgonjwa mmoja. Mungai alikuwa daktari wa Mzee Kenyatta mwenyewe. Mei 1968 Mzee alipatwa na kiharusi akiwa Mombasa, na nchi ikashikwa na hofu ambayo ninyi vijana hamwezi kuijua. Mwaka huo huo Katiba ilirekebishwa: Rais akifariki, Makamu wake angeshika madaraka kwa muda usiozidi siku 90, kisha uchaguzi ufanyike. Makamu alikuwa Daniel arap Moi. Sasa jiweke mahali pa daktari yule. Anaijua hali ya mgonjwa kuliko mtu mwingine yeyote. Kiapo chake kinamfunga mdomo. Na wakati huo huo yeye ni waziri, ni jamaa wa familia, na jina lake linatajwa mjini miongoni mwa wanaoweza kurithi kiti. Katika mafunzo yenu mlifundishwa juu ya siri ya mgonjwa. Je, mlifundishwa juu ya daktari ambaye maisha yake ya kisiasa yanategemea mapigo ya moyo wa mgonjwa wake? Mimi sijawahi kuona mtego mgumu kuliko huo kwa tabibu, na naona ndio uliomfuata hadi mwisho.

Nitarudi hapo. Kwanza nikupe sehemu yenye mwanga.

Kuanzia 1969 hadi 1974 alikuwa waziri wa Mambo ya Nje. Juni 1972 mataifa yalikutana Stockholm kuzungumza juu ya mazingira, wakakubaliana kwamba Umoja wa Mataifa uwe na shirika la kazi hiyo, ndilo UNEP. Makao yake yawe wapi? Miji mingi ilikitaka kiti hicho, New Delhi, Mexico City, Cairo, Geneva na mingine. Hadi siku ile hakuna shirika kubwa la Umoja wa Mataifa lililokuwa na makao makuu katika nchi zinazoendelea. Yote yalikaa Ulaya na Amerika Kaskazini, kana kwamba sisi wengine ni wa kuhudumiwa tu. Wakenya wakashika hoja hiyo hiyo na kuigeuza silaha. Balozi wetu New York, Joseph Odero-Jowi, alizunguka kutoka ujumbe mmoja hadi mwingine. Waziri wake akiwa nyuma yake, akikusanya kura za Afrika na za nchi zinazoendelea kwa jumla. Desemba 1972 Baraza Kuu likaamua: Nairobi. Shirika lilianza kazi mwaka uliofuata ndani ya jumba la mikutano la KICC, ambalo ndio kwanza lilikuwa limemalizika, na baadaye likahamia Gigiri, mahali palipokuwa shamba la kahawa. Shirika la makazi likafuata 1978.

Leo Gigiri ni kama ekari 140 za Umoja wa Mataifa. Walinzi, madereva, wakalimani, wapishi, wasafishaji, wahasibu, watu wa Ruaka, Kangemi na Banana wanalipa karo kutoka pale. Ukitaka kuwaeleza vijana wenzako kile ambacho waziri wa mambo ya nje anaweza kufanya, usiwaambie "alikuza uhusiano wa kimataifa." Waambie wapande matatu ya Limuru Road saa kumi na mbili asubuhi, wahesabu wanaoshuka Gigiri. Ila tena, jina la Odero-Jowi liandike karibu na lake, katika sentensi moja.

Na hiki hapa kitu cha ajabu ambacho watu wa Nairobi wamekisahau. Alipoondoka Mambo ya Nje mwaka 1974, aliyempokea kijiti alikuwa daktari mwingine wa dawa, Munyua Waiyaki, naye wa Alliance na Fort Hare, mbunge wa huku huku mjini. Kwa miaka kumi, 1969 hadi 1979, sauti ya Kenya duniani ilikuwa sauti ya tabibu. (Waiyaki Way, kwa faida ya wanaochanganya, imepewa jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa jamii hiyo aliyefariki 1892 mikononi mwa Waingereza. Daktari ni wa ukoo wake.) Ukitaka kuwajibu wenzako wodini, waanzishie hapo. Udaktari haukuisha kwa watu wale. Uliwapa kitu fulani: mazoea ya kumsikiliza mtu kwanza kabla ya kumwambia anachougua.

Lakini haukuwakinga. Jimbo lake la Dagoretti lilimwangusha Mungai katika uchaguzi wa Oktoba 1974. Aliyemshinda alikuwa Johnstone Muthiora, mhadhiri wa siasa, daktari wa vitabu huyu naye, ambaye alifariki mwaka uliofuata kabla wapiga kura hawajala matunda ya chaguo lao. Jiulize ilikuwaje waziri mwenye jina kubwa kiasi hicho, aliyeleta UNEP miaka miwili tu nyuma, akataliwe na watu aliowadunga sindano. Mimi nimewasikiliza wazee wengi wa Kawangware, Waithaka na Riruta, na jibu lao halina falsafa: walisema hawakumwona tena. Katika kliniki mlango wake ulikuwa wazi kwa mwenye homa. Katika wizara kulikuwa na askari mlangoni. Waliokuwa wagonjwa wake walijiona wamekuwa wageni wake.

Na miaka miwili baadaye, 1976, ndipo mtego ule nilioutaja ukafunga. Kundi la wanasiasa wakiwamo Kihika Kimani, Njenga Karume na Mungai lilianza kuzunguka kwenye mikutano likitaka Katiba ibadilishwe, ili Makamu wa Rais asishike kiti moja kwa moja Rais akifariki. Lengo lilieleweka na kila mtu: kumzuia Moi. Oktoba, Mkuu wa Sheria Charles Njonjo akatoa tamko akiwakumbusha watu kwamba ni kosa la jinai hata kuwazia kifo cha Rais. Vuguvugu likazimika. Mzee alipofariki Mombasa, 22 Agosti 1978, Moi alishika madaraka kwa utaratibu ule ule wa siku 90.

Tamko la Njonjo lilitumia sheria ya kutisha kwa lengo la siasa, sawa. Lakini angalia upande wa pili. Mtu aliyewahi kuwa tabibu wa Mzee alikuwa jukwaani, hadharani, akijadili nani atawale mgonjwa wake akifa. Kwa mwanasiasa mwingine ningesema ni siasa tu. Kwa daktari nasema alipaswa kukaa kimya. Hiyo ni hukumu yangu, na unaweza kuikataa, ila ukiikataa ikatae kwa sababu za kitabibu. Usinijibu kwamba "wote walifanya hivyo."

Sehemu iliyobaki ya maisha yake ipite haraka. Alirudi shambani, akawa miongoni mwa watu waliojulikana kwa kilimo cha maua ya kuuza nje, shamba lake la Magana upande wa Kikuyu. Alifariki Agosti 2014, akiwa na miaka 88.

Sasa ukurasa wenyewe. Usimwite baba wa afya ya Kenya. Hakuna mtu mmoja mwenye haki ya jina hilo, na wauguzi waliobeba kazi hiyo hawajulikani hata majina. Usiandike "alihudumu katika nyadhifa mbalimbali," maneno hayo yamechoka na hayasemi lolote. Nafasi kubwa ipe Riruta na shule ya tiba. Gigiri ipe aya moja nzuri. Vita vya Kaskazini Mashariki na 1976 ziweke mwilini mwa maandishi, mahali pake kwa mwaka, zisitupwe mwishoni kama tanbihi. Na msimpe mtu wa familia kazi hiyo aiidhinishe kabla haijachapwa. Mwonyesheni kwa heshima, msikilizeni, lakini kalamu ibaki kwenu.

Kabla ya hayo yote, Jumapili hii baada ya kanisa, kaa na nyanya yako na simu yako ikirekodi. Muulize kliniki ilikuwa upande gani wa barabara, na leo pamejengwa nini. Alilipa pesa ngapi, au alilipa kwa mayai? Nani mwingine alikuwa kwenye foleni? Daktari alikuja siku gani za wiki, na siku ambazo hakuwapo walikwenda wapi? Mtoto aliyedungwa sindano alikuwa nani, na alipona? Kama mtoto mwenyewe ni baba yako, au shangazi yako, mwite akae hapo karibu asikie.